Ninaweka mikrofoni chini, ninachukua kadi ya chama



Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 hamtanisikia tena kama mwandishi wenu. Nimejiunga na chama cha siasa, chama kinachojiita cha mrengo wa kushoto, na nimeona afadhali mlisikie kwangu kabla halijawafikia sokoni likiwa limeongezwa chumvi. Mwandishi hawezi kuweka kadi ya chama katika mfuko mmoja na kinasa sauti katika mfuko wa pili. Mngejuaje ipi ni habari na ipi ni kampeni? Jina la chama sitalitaja hapa. Ukurasa huu ni wenu, si ukuta wa kubandikia picha za wagombea. Wanaonijua watalijua, na wasionijua hawakosi kitu.

Tangu neno hili lianze kuvuja nimepokea maswali mengi, lakini yote yanarudi kwenye mawili: kushoto maana yake nini, na kwa nini sikubaki katika harakati za vijana ambako wengi wenu mlinifahamu.

Neno lenyewe si la kwetu. Lilitoka Ufaransa mwaka 1789, katika baraza ambamo wajumbe waliotaka kupunguza nguvu za mfalme waliketi upande wa kushoto wa mwenyekiti, na waliomtetea mfalme wakaketi kulia. Tangu hapo, anayetaka ardhi, mali na kodi ya nchi vimfikie kwanza yule asiye nacho anaitwa mtu wa kushoto. Hayo ni ya vitabuni. Hapa Uvira neno hilo lina historia nyingine, na ile haikuandikwa na Wafaransa.

Nilipomwambia nyanya yangu, mama ya mama yangu, aliacha kuchambua sombe akaniangalia. Akauliza: «Mulele tena?»

Mwaka 1964 alikuwa msichana mdogo katika bonde la Ruzizi. Mwezi wa Aprili uasi ulianza pale pale bondeni, na mwezi wa Mei mji wa Uvira ukawa mikononi mwa wapiganaji wa Gaston Soumialot. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, mbali kabisa magharibi, lakini jina lake ndilo lililopigiwa kelele huku kwetu. Nyanya na mama yake walivuka Ruzizi kwenda Burundi na sufuria moja. Waliporudi hawakukuta mbuzi wala mlango. Aprili 1965 Che Guevara akavuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wake, akafikia Kibamba katika Fizi, akakaa hadi Novemba na kuondoka bila ushindi. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama chake cha PRP katika milima hiyo hiyo, nacho kikaishi huko miaka mingi. Wote hao walijiita watu wa kushoto, na wote walisema wanapigania wananchi.

Sikumbishia. Vijana wenzangu hupenda kusema kwamba wazee hawaelewi siasa. Mimi naona wanaosema hivyo hawajawahi kuketi na wazee hao mpaka chai ikaisha. Nyanya yangu anaelewa jambo ambalo semina nyingi hazikunifundisha: kwamba mtu anaweza kutamka «mali ya wananchi» huku amefunga kamba shingoni mwa mbuzi wa mwananchi. Kwake kushoto si mawazo, ni kulala porini na mtoto mwenye homa. Mtu wa Uvira au Fizi anayetaka kuleta siasa hiyo leo ataanza kwa kumjibu yeye, hata kabla ya kufungua katiba ya chama.

Jibu langu kwake lilikuwa fupi. Chama ninachoingia hakina bunduki na hakina «vijana wa milimani». Kifungu cha 190 cha Katiba yetu kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kulea vijana wenye silaha, na kinaita jambo hilo uhaini mkubwa. Siku nitakayoona mtu yeyote katika chama anatuma hata gunia la mchele kwa kundi lenye silaha, nitatoka siku hiyo hiyo, na nitakuja kulisema hapa mbele yenu. Nyanya alisikiliza, kisha akarudia sombe yake. Hakusema ndiyo.

Sasa njia yangu. Nayo haikuanzia kwenye vitabu vya Lumumba, ingawa nilikuwa na picha yake ukutani kama vijana wengi.

Ilianza usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Mliokuwa Uvira hamhitaji kukumbushwa. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe, Mulongwe ukazidi yote, na kulipokucha mitaa mizima ilikuwa matope. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo watu walilala madarasani. Sisi vijana tulichukua majembe. Baada ya siku tatu za kuchimba, mtu mmoja aligundua kwamba mimi naandika haraka, nikapewa daftari niandike majina ya familia zilizopoteza nyumba.

Daftari lile ndilo lililonifanya niwe nilivyo. Nilikuwa naandika jina la mama au baba, idadi ya watoto, mtaa, na kilichopotea. Shirika moja lililoleta msaada likataka safu nyingine iongezwe: hati ya kiwanja. Tukaongeza. Mahema na fedha vilipokuja vikaenda kwa wenye viwanja. Wapangaji wakaachwa. Nina mama mmoja kwenye ukurasa wa nne, ana watoto watano, alikuwa amepanga chumba kimoja kando ya mto. Nilimuuliza kwa nini alipanga karibu na mto namna ile. Akaniambia bila hasira: «Mwanangu, pale ndipo kodi inanifaa.»

Wapangaji katika daftari langu walikuwa familia 61. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechagua mto. Bei ndiyo iliwapeleka mtoni, mmoja mmoja, kwa miaka, huku viwanja vya juu vikipimwa na kuuzwa kwa watu ambao hawavijengi. Nikaona kwamba mafuriko yale yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa mvua. Ya pili ilikuwa imeandaliwa zamani katika ofisi, kwa kalamu na muhuri. Hiyo ya pili ndiyo siasa. Wakati huo sikujua kwamba mawazo kama hayo yana upande.

Tukaanza harakati. Wakati ule tuliangalia Goma, kwa wenzetu wa LUCHA, waliozaliwa mwaka 2012, vijana waliokataa bunduki na kukataa pia vyama. Walidai maji kwa mji unaokaa ukingoni mwa ziwa na bado unanunua maji kwa kidumu. Februari 2016 sita kati yao walikamatwa usiku wakiandaa siku ya mji kusimama, wakatiwa gerezani kwa miezi. Sisi hapa tulikuwa na ziwa kubwa kuliko la kwao, na kipindupindu kila mara. Tukachukua kifungu cha 48 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya nyumba inayofaa, maji safi na umeme, tukakiandika kwenye vitambaa kwa Kiswahili. Watu walisimama kukisoma. Baba mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye vidumu sita aliuliza ikiwa hiyo ni sheria ya kweli au tumeitunga sisi.

Mambo tuliyoyapata yalikuwa madogo. Bomba moja lilitengenezwa, kisha likaharibika. Barua tulizopeleka zilipokelewa na kugongwa muhuri wa «imepokelewa». Ninazo kumi na saba. Nililala siku mbili katika chumba cha polisi cha kituo fulani, pamoja na wenzangu wanne, tukatoka bila kuelezwa kosa. Hayo yamewapata wengi zaidi yangu na kwa ukali zaidi, sitayafanya medali.

Kilichonibadilisha ni siku moja tulipokuwa tumeketi nje ya lango la ofisi moja tukidai maji. Afisa alitoka, mtu mpole kwa kweli, akatuambia: «Vijana, mnachodai ni haki, lakini hakimo kwenye bajeti.» Mwenzangu akauliza bajeti inapigiwa kura wapi. Akanyoosha kidole upande wa Bukavu, kisha akakishusha na kukinyoosha tena upande wa Kinshasa. Tulicheka wote, hata yeye. Usiku sikulala. Miaka minne nilikuwa nimeketi nje ya mlango, na mlango wenyewe haukuwa ule.

Kifungu cha 175 cha Katiba hiyo hiyo kinasema mkoa ubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, yakatwe pale pale kabla ya kwenda Kinshasa. Katiba ni ya mwaka 2006. Waulizeni wanaofundisha sheria kama hesabu hiyo imewahi kutekelezwa jinsi ilivyoandikwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa usultani, sekta au mji ambamo mgodi uko, na kwamba kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya jamii. Ni kweli mashirika ya raia yalisukuma sana sheria hiyo. Ila walioinua mkono ili iwe sheria walikuwa wameketi ndani. Harakati inaweza kuamsha mji mzima, nami naiheshimu hadi leo, ila haina kiti.

Wenzangu hawakukubali. Mdogo wangu mmoja wa harakati, tuliyelala naye kwenye sakafu ile ya polisi, aliniambia: «Yaya, utatuuza. Wote waliokwenda huko walituambia hivyo hivyo, kisha tukawaona kwenye jeep.» Sina jibu la kumnyamazisha. Anasema kweli tupu kuhusu nchi yetu. Hapa kijana akitoka barabarani na kuingia chama, watu huuliza tumbo lake kwanza na mawazo yake baadaye, na wana sababu. Harakati yetu ina kanuni kwamba mwenye kadi hawezi kuongoza, kwa hiyo niliacha uongozi siku hiyo hiyo nilipojiandikisha. Kanuni hiyo ni nzuri, isiondolewe kwa ajili yangu.

Tena vyama vya kushoto vya kwetu vimewahi kufika madarakani, siyo kwamba havijajaribiwa. Antoine Gizenga, aliyekuwa pamoja na Lumumba katika serikali ya 1960, alianzisha PALU mwaka 1964. Akangoja zaidi ya miaka arobaini. Katika uchaguzi wa 2006 akawa wa tatu, na kiasi cha asilimia 13 za kura, akamuunga mkono Joseph Kabila katika duru ya pili, akapewa uwaziri mkuu, na baada yake Adolphe Muzito wa chama hicho hicho. UDPS, iliyozaliwa mwaka 1982 kwa kupinga chama kimoja cha Mobutu, ni mwanachama wa umoja wa vyama vya kisoshalisti duniani, na iko madarakani tangu 2019. Kila mmoja wenu anaweza kuangalia bomba lililo karibu naye na kupima. Kwa hiyo mtu akikuambia tu «sisi ni wa kushoto», hajakuambia kitu bado.

Mimi nilikuwa na swali moja, nalo nililipeleka kwenye mkutano wa kwanza. Tulikuwa watu 14 katika ua wa mwalimu mstaafu, kwenye mabenchi ya kuazima kanisani. Nikauliza: nani analipa? Si ilani ina nini, wala nani ni mwenyekiti wa taifa. Nani alilipa mafuta ya jenereta hii, na nani analipa nauli ya huyu ndugu aliyetoka Bukavu? Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja muuza ndagala akatoa daftari la kurasa 96, lenye jalada la bluu, akalifungua mbele yangu. Kila mwanachama franka 1 000 kwa mwezi, jina, tarehe, sahihi au dole gumba. Walioshindwa kulipa walikuwa wameandikwa pia, bila kuaibishwa: «mgonjwa», «amefiwa», «boti imeibiwa mashine». Chini ya ukurasa kulikuwa na jumla, na jumla ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Nilijiunga kwa ajili ya daftari lile.

Nafahamu kwamba daftari haliwezi kushinda fedha. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, dhamana ya mgombea urais ilikuwa franka milioni 160, na ya ubunge wa taifa milioni 1 na laki 6, nazo hazirudishwi. Juu ya hayo, chama kisichofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima hakipati kiti cha bunge la taifa, hata kama kimeshinda kwao. Hesabuni wenyewe: wauza ndagala wangapi, kwa franka 1 000, kwa miezi mingapi? Ndiyo maana vyama vingi vidogo hutafuta tajiri, na tajiri akishaingia, daftari la bluu hufungwa. Ninaingia nikijua hivyo. Mimi si mgombea. Kazi niliyopewa ni ukatibu wa shina la kata, yaani kuandika.

Hapa namkumbuka Lumumba, ila si yule wa kwenye ukuta wangu. Namkumbuka karani wa posta wa Stanleyville, Kisangani ya leo, aliyeongoza chama cha wafanyakazi wa posta, aliyeandika magazetini, aliyepita gerezani, aliyeuza bia Léopoldville, kabla ya MNC kuundwa Oktoba 1958. Miezi ishirini baadaye alikuwa waziri mkuu akiwa na umri wa miaka 34. Watu husimulia hotuba yake na kifo chake tarehe 17 Januari 1961, wanaruka mikutano. Naye hakujiita mkomunisti. Alijiita mzalendo, na walioitumia jina hilo la kwanza zaidi ni waliotaka aondoke. Vyama vinavyobeba jina lake leo ni vingi, na vingi havina hata orodha ya wanachama wao.

Sasa niseme na ninyi mlio katika kambi na kwa majirani waliowapokea, kwa sababu jambo hili linawagusa kuliko wote.

Katika uchaguzi wa 2023, watu wa Masisi na Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini, hawakuandikishwa kama wengine kwa sababu ya vita, na viti vyao vikabaki bila kupigiwa kura. Kwetu huku aliyejiandikisha milimani kisha akakimbia alikuta jina lake liko kule alikotoka. Mtu amepoteza nyumba, shamba na ng'ombe, halafu anapoteza kura pia, na hiyo ya mwisho hakuna shirika linaloiandika kwenye orodha ya hasara. Chama cha kushoto kisichokuwa na lolote la kusema juu ya hilo kwangu mimi ni duka tu.

Nilifikiri basi kwamba kazi ya kwanza ni kufungua shina kambini. Nilikwenda kumuuliza mama mmoja anayesimamia kikundi cha wanawake waliohamishwa na maji mwaka huu, ziwa lilipopanda tena. Alinikatiza. «Usiniletee kadi, baba. Nikionekana na kadi yenu, wale wa chama kingine watasema mimi ni mpinzani, na wale wa msaada watasema naingiza siasa. Nitatoka kwenye listi, na watoto watakula nini? Kadi?» Nilirudi nikawaambia wenzangu: hakuna fulana, bendera wala kadi itakayoingia mahali pa waliohamishwa. Tutakwenda kusikiliza tukialikwa, na mkutano utafanyika nje. Baadhi walinung'unika kwamba tunawaachia wengine uwanja. Ni kweli tunawaachia. Mama yule ana watoto wa kulisha, hana deni lolote kwetu.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Ndugu mmoja wa ngazi ya mkoa alisikia habari za daftari langu la 2020. Kwa miaka hii nimeliongeza. Lina majina ya familia nyingi, na kwa nyingine nambari za simu. Akaniomba, kwa heshima kabisa, nilipe shina «ili tujue watu wetu wako wapi». Nilimjibu kwamba hao si watu wetu. Walinipa majina yao nikiwa nimeshika jembe, na baadaye nikiwa nimeshika mikrofoni, wakiamini yatatumika kutafuta mahema. Hakufurahi. Aliniambia kwamba siasa haiendeshwi kwa aibu. Labda ataniambia hivyo tena.

Basi mambo ya kukabidhiana ni haya. Habari yangu ya mwisho itatoka Jumamosi ya mwisho ya Julai: nitaeleza hali ya njia ya Kavimvira na maji yaliyobaki katika mitaa ya ukingoni. Baada yake dada aliyekuwa akinisaidia kurekodi sokoni ndiye atakayewaandikia. Anajua Kibembe kuliko mimi, na haogopi kuuliza swali mara ya pili. Simu ya kazi, ile ambayo nambari yake mnayo, inabaki kwake. Akihitaji kunihoji kama mtu wa chama, atanihoji kama anavyohoji wengine, na nimemwomba asinipunguzie.

Na lile daftari, pamoja na zile kurasa za wapangaji 61, nimelipeleka jana kwa kamati ya wahanga wa mafuriko. Mama wa ukurasa wa nne ndiye aliyelipokea. Alitafuta jina lake, akanionyesha kwamba niliandika watoto watano. Siku hizi ni sita, akachukua kalamu akaongeza.